Gemu Imekuangusha? Linda Pesa Yako Kabla ya Kuweka PIN

Gemu kubwa ya PS5 ikitoka siku hizi, bei yake mara nyingi ni dola 70. Ukihesabu dola moja kwa shilingi 129 hivi, hiyo ni kama shilingi 9,000, na bado hujaongeza makato ya kubadilisha pesa na bando ya kupakua. Kwa wengi wetu hiyo ni kodi ya mwezi ama karo ya mtoto. Halafu unawasha gemu, na baada ya nusu saa unajiuliza: kumbe ni hii tu?

Hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia kwamba gemu utaipenda. Lakini kuna kitu unaweza kupanga mapema, nacho ni hasara. Gemu ikikuangusha, kiasi utakachopoteza huwa kimeamuliwa tayari na mambo matatu: ulilipa lini, ulimlipa nani, na ulilipa kwa njia gani. Somo la leo linapitia hayo matatu moja baada ya lingine, kwa mifano ya gemu ambazo ziliangusha watu dunia nzima.

1. Ulilipa lini?

Tuanze na Cyberpunk 2077, kwa sababu inawahusu sana wenye PS4, mashine ambayo bado iko kwa nyumba nyingi huku kwetu.

Kampuni ya CD Projekt Red ya Poland iliahirisha gemu hii mara tatu mwaka wa 2020, na mwishowe ikaitoa tarehe 10 Desemba. Kufikia siku hiyo oda za mapema zilikuwa zimefika milioni 8. Kwenye kompyuta yenye nguvu, gemu ilichezeka. Kwenye PS4 na Xbox One za kawaida ilikuwa shida tupu: picha zenye ukungu, magari yanayochipuka ghafla barabarani, gemu inakwama halafu inajifunga yenyewe.

Sasa angalia hapa. Waandishi waliopewa gemu mapema ili waikague walipewa toleo la kompyuta. La PS4 hawakupewa. Kwa hivyo zile alama za juu zilizosambaa kabla ya tarehe 10 zilikuwa za mashine nyingine. Mtu wa PS4 alisoma sifa za gemu ambayo yeye hangeipata.

Wiki moja baadaye Sony iliiondoa Cyberpunk kwenye PlayStation Store na kuanza kuwarudishia wanunuzi pesa. Gemu ilirudi dukani Juni 2021, na hata wakati huo Sony iliwaonya wenye PS4 kwamba bado wangepata shida. Ni kweli, baadaye ilitengenezwa ikawa gemu nzuri sana. Lakini sasisho kubwa la 2.0, la Septemba 2023, halikuletwa kwenye PS4. Mwenye PS4 aliyekataa kurudishiwa pesa akisema "itakaa poa tu" alikuwa anangoja matatu ambayo haipiti stage yake.

Mfano wa pili ni No Man's Sky, iliyotoka Agosti 2016 kwa dola 60. Mtengenezaji ni Hello Games, studio ndogo ya Uingereza. Kabla haijatoka, mkuu wa studio, Sean Murray, alikuwa amezungumza kama kwamba wachezaji wawili wanaweza kukutana, ingawa kwa nadra kwa sababu ulimwengu wa gemu ni mkubwa ajabu. Siku ya kwanza, wachezaji wawili walifika sehemu moja ndani ya gemu, na hawakuonana. Kucheza pamoja kikamilifu kulikuja Julai 2018, karibu miaka miwili baadaye, kwa sasisho la bure. Aliyengoja alipata gemu iliyokamilika zaidi bila kuongeza hata shilingi.

Halafu kuna The Day Before. Hii ilikuwa na trela za kuvutia sana, na kuna wakati ilikuwa ndiyo gemu iliyowekwa na watu wengi zaidi kwenye orodha ya matamanio ya Steam. Ilitoka tarehe 7 Desemba 2023. Wachezaji wakaingia wakakuta kitu tofauti kabisa na ile dunia kubwa ya wazi waliyoahidiwa. Siku nne baadaye studio ikatangaza kwamba inafungwa. Januari 2024 seva zikazimwa.

Gemu hizi tatu hazifanani, lakini kosa la mnunuzi ni lile lile: alilipa kabla mtu mwingine hajaicheza mbele ya macho yake, kwenye mashine kama yake. Trela ni tangazo. Ni kama picha ya baga kwenye bango la mkahawa, na wewe unajua vile baga yenyewe hukaa ikifika mezani.

Kwa hivyo jipe kanuni hizi:

- Ngoja siku 3 baada ya gemu kutoka. Gemu za kupakua haziishi dukani. Hakuna foleni wala mtu wa kukuwahi. Oda ya mapema ilikuwa na maana wakati diski zilikuwa chache.
- Tafuta vidio ya mtu anayecheza kwenye mashine yako. Kama una PS4, andika jina la gemu na "PS4" unapotafuta. Ukikosa hata vidio moja ya mashine yako, hiyo tayari ni jibu.
- Icheze kwanza mtaani. Wengi wetu tuna ukumbi wa PS karibu na nyumbani. Lipia mechi mbili tatu uone kama inakubamba. Kutumia pesa ya soda kujua kwamba gemu si yako ni bei nafuu sana ukilinganisha na elfu tisa.
- Angalia kalenda. EA Sports FC hutoka kila mwaka karibu na Septemba, na ofa za kwanza huanza kuonekana ikifika Novemba na Desemba. Kama hutachezea mashindano, miezi miwili ya subira inaweza kukuokolea pesa nyingi.

2. Ulimlipa nani?

Agosti 23, 2024, Sony ilitoa Concord, gemu ya kufyatuliana risasi ya PS5 na kompyuta, kwa dola 40. Wachezaji walikuwa wachache mno. Tarehe 6 Septemba, wiki mbili tu baadaye, Sony iliacha kuiuza na kuzima seva. Aliyenunua kwenye duka la PlayStation lenyewe alirudishiwa pesa yote. Aliyenunua diski dukani aliambiwa arudi kwa duka lake, kwa masharti ya duka hilo.

Gemu ilikuwa moja na bei moja. Kilichotofautisha wanunuzi ni jina la aliyepokea pesa.

Hapa kwetu, kwa kawaida pesa ya gemu huenda kwa mmoja wa watu watatu.

Duka rasmi la mtandaoni. Haya yana kanuni zilizoandikwa, na inafaa uzijue kabla ya kununua:

- *Steam*: unaweza kuomba pesa ndani ya siku 14 tangu ununue, mradi hujacheza zaidi ya masaa 2. Oda ya mapema unaweza kuifuta wakati wowote kabla gemu haijatoka.
- *PlayStation Store*: siku 14, lakini mradi hujaanza kuipakua wala kuicheza moja kwa moja mtandaoni. Ukishaanza kupakua, haki hiyo inakwisha, isipokuwa gemu iwe na hitilafu. Kwa hivyo zima upakuaji wa kujiendesha kwenye mipangilio ya mashine, la sivyo PS inaweza kukupakulia gemu usiku ukiwa umelala, na dirisha likafungwa bila wewe kugusa kitu.
- *Google Play*: ombi la haraka hufanywa ndani ya masaa 48. Baada ya hapo mara nyingi unaambiwa uzungumze na mtengenezaji wa gemu.

Wale wa Steam, tumieni yale masaa mawili kwa akili. Watu wengi humaliza dakika arobaini wakimchagulia mhusika nywele na viatu. Anza na mambo yanayoweza kukufanya urudishe: je, gemu inakwama? Kucheza na wengine mtandaoni kunafanya kazi kwa intaneti yako? Maandishi yanasomeka kwenye skrini yako? Viatu utavaa baadaye.

Duka la diski mjini. Kama ni Luthuli Avenue ama duka la mtaani, uliza mambo mawili kabla ya kulipa: nikiirudisha kesho utanipa pesa au utanibadilishia tu? Na kama diski imekwaruzwa? Omba risiti yenye jina la gemu. Diski ina faida moja kubwa: gemu ikikuangusha unaweza kuiuza ama kubadilishana na mwingine. Gemu ya kupakua huwezi kumuuzia mtu.

Muuzaji wa kwenye mitandao ya kijamii. Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Utaona tangazo: gemu ya elfu tisa kwa elfu mbili. Mara nyingi anachokuuzia si gemu. Anakupa nafasi ya kuingia kwenye akaunti ambayo inatumiwa na watu wengine. Kufanya hivyo kunavunja masharti ya maduka hayo. Mwenye akaunti akibadilisha neno la siri, umetoka. Na huwezi kwenda kwa Sony wala Steam kulalamika, kwa sababu kwenye rekodi zao wewe hukununua chochote.

3. Ulilipa kwa njia gani?

Tuseme umekubaliwa kurudishiwa pesa. Itarudi wapi?

Kadi pepe ya huduma yako ya pesa za simu. Kwa kawaida duka hurudisha pesa kwenye kadi ile ile uliyolipia. Inaweza kuchukua siku kadhaa, kwa hivyo usiifute kadi ukingoja. Kumbuka pia kwamba duka linarudisha dola. Kiwango cha kubadilisha siku ya kurudi kinaweza kuwa tofauti na cha siku uliyolipa, kwa hivyo usishangae shilingi zikipungua au kuongezeka kidogo.

Kulipa moja kwa moja kutoka kwa simu, kwa mfano kwenye Google Play. Pia hapa, kwa kawaida pesa hufuata njia iliyokuja nayo. Weka ile meseji ya muamala. Namba iliyo ndani yake ndiyo utaulizwa kwanza ukipiga simu kwa huduma kwa wateja.

Vocha za gemu. Ukinunua namba ya vocha ukaiingiza kwenye akaunti, pesa hiyo imeshakuwa salio la duka. Ukirudishiwa, inarudi kama salio la duka. Unaweza kununua gemu nyingine, lakini huwezi kulipia nayo stima. Jambo jingine: vocha ina nchi yake. Vocha ya PlayStation ya Marekani haiingii kwenye akaunti iliyosajiliwa Uingereza. Hakikisha nchi ya akaunti yako kabla ya kulipa, kwa sababu namba ikishafunuliwa wauzaji wengi hawaichukui tena.

Kutuma kwa namba ya mtu. Hii ndiyo njia dhaifu kuliko zote kwa ununuzi. Wateja wengi hudhani wanaweza kurudisha muamala bidhaa ikiwaudhi. Hapana. Kurudisha muamala kumewekwa kwa ajili ya pesa iliyoenda kwa namba isiyo sahihi. Kama ulituma kwa namba uliyokusudia, kwa kitu mlichokubaliana, hiyo ni biashara, na ukisema "nilikosea namba" huo ni uongo. Pesa ikishatolewa kwa wakala, njia inayobaki ni polisi. Kama ni lazima ununue kwa mtu, mwambie akupe namba ya till ya biashara, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Jina likiwa tofauti na la duka, acha kwanza, uliza.

Unanunua gemu au unanunua ruhusa?

Kuna aina nyingine ya kuangushwa ambayo huja miaka baadaye. The Crew ya Ubisoft, gemu ya magari, ilitoka Desemba 2014. Ilihitaji intaneti kila wakati, hata ukicheza peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft ilizima seva, na gemu ikafa. Hata mwenye diski mkononi hakuweza kuicheza tena.

Ukinunua gemu ya kupakua, mara nyingi unapewa ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo ina masharti. Tangu Januari 2025 jimbo la California, Marekani, linawalazimu wauzaji wa bidhaa za kidijitali kumwambia mnunuzi hivyo wazi. Steam huonyesha ujumbe huo unapolipa. Kwa hivyo kabla ya kulipa elfu tisa, tafuta maneno yanayosema kama gemu inahitaji intaneti wakati wote. Ikiwa inahitaji, usilipe bei ya kitu utakachokaa nacho milele.

Vipi kuhusu gemu za bure?

eFootball ya Konami ilipotoka Septemba 2021 ilichekwa dunia nzima kwa sababu ya nyuso za wachezaji zilizopinda. Lakini ilikuwa bure. Aliyeijaribu akaifuta alipoteza bando tu.

Gharama ya gemu za bure iko ndani yake: sarafu, pakiti za wachezaji, mavazi. Mia moja leo, mia mbili kesho, na kwa sababu ni kidogo kidogo huhisi uchungu. Kwenye Ultimate Team ya EA Sports FC, kikosi ulichokijenga mwaka huu hakihamii kwenye gemu ya mwaka ujao. Unaanza upya. Na unapofungua pakiti hujui ni nani utampata, kwa hivyo hapo hakuna kusema "sikupata nilichotaka, nirudishieni."

Fanya zoezi hili jioni hii: fungua taarifa ya miamala ya mwezi uliopita, tafuta malipo yote ya gemu, uyajumlishe. Kisha jiwekee kiwango cha mwezi na ukihamishe kwenye kadi pepe peke yake. Kikiisha, kimeisha. Kama mtoto anachezea simu yako, weka Google Play iulize neno la siri kwa *kila* ununuzi, na PIN yako usimpe hata kama ni wa darasa la pili na ni mpole.

Haki yako iko wapi?

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Pia kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Muuzaji wa hapa nchini akikuuzia diski isiyosoma, ama akikuambia ni ya PS5 kumbe ni ya PS4, una msingi wa kudai. Anza na yeye mwenyewe, kwa maandishi, ukiwa na risiti na meseji ya muamala. Akikataa, unaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Lakini tofautisha kudanganywa na kutoridhika. No Man's Sky ilipolalamikiwa Uingereza, mamlaka inayosimamia matangazo ilichunguza ukurasa wake wa Steam na Novemba 2016 ikaamua kwamba haukuvunja kanuni. Maelfu walikuwa wamevunjika moyo, na bado hawakuwa na kesi. "Gemu inaboesha" haitakurudishia pesa. "Gemu haifunguki kwenye mashine mliyosema" inaweza.

Kabla ya kuweka PIN, pitia hapa

1. Nimeona mtu akiicheza kwenye mashine kama yangu?
2. Imetoka angalau siku 3 zilizopita?
3. Inahitaji intaneti kila wakati? Bando yangu na nafasi ya mashine zinatosha? Baadhi ya gemu kubwa hupita GB 100.
4. Ninayemlipa ni nani, na jina lililotokea ni lake?
5. Nina siku ngapi za kuomba pesa yangu, na ni kitu gani kitafunga dirisha hilo?
6. Pesa ikirudi, itaingia wapi?
7. Nikiipoteza yote, mwezi huu utaenda vizuri?

Ukikosa jibu la namba 5 na 6, usilipe leo. Gemu itakuwa hapo kesho, pengine ikiwa imetengenezwa zaidi na bei imeshuka. Na kama una rafiki ambaye ameshaweka oda ya mapema, mtumie makala haya sasa hivi: kwenye maduka mengi rasmi bado anaweza kuifuta kabla ya siku ya kutoka.